Stakabadhi Zinalingana, Kazi Hazilingani: Mwongozo wa Kupima Ubora wa Kazi za Wanawake na Wanaume

Kwa miaka kadhaa nilikuwa mwakilishi wa wafanyakazi katika shamba moja la maua kando ya Ziwa Naivasha, Kenya, na swali ambalo wasimamizi waliniuliza mara nyingi kuliko mengine yote lilikuwa hili: wanawake wanalalamikia nini ilhali kiwango cha mshahara ni kimoja? Swali lenyewe halikuwa la hila. Ukiziweka stakabadhi mbili za malipo mezani, ya mama anayevuna waridi na ya kijana anayepulizia dawa, mshahara wa msingi ulikaribiana sana, na wakati mwingine ulilingana hadi shilingi ya mwisho. Lakini stakabadhi haisemi ni nani aliye na mkataba wa kudumu na ni nani anayeandikwa upya kila msimu; haisemi nani anaijua saa ya kutoka kazini, nani huenda chooni bila kuomba ruhusa, nani alipelekwa mafunzo mwaka uliopita, wala nani hulazimika kumchekea msimamizi ili kesho apangiwe kazi.

Wanaochunguza ajira huyaita mambo hayo ubora wa kazi. Eurofound, shirika la Umoja wa Ulaya lenye makao yake Dublin, huugawa ubora huo katika vipimo saba: mapato, mazingira ya kazi, kasi na uzito wa kazi, saa za kazi, uhusiano kati ya watu kazini, ujuzi pamoja na uhuru wa kuamua, na matarajio ya mbele. Mapato ni kipimo kimoja kati ya saba. Sisi huku tumezoea kukihesabu hicho kimoja na kuviacha sita mikononi mwa msimamizi wa zamu.

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya wafanyakazi walioajiriwa na wawakilishi wao, kuanzia Naivasha na Nakuru mjini hadi mashamba ya majani chai ya Kericho, mashamba ya miwa ya Muhoroni, na maduka na hoteli za Kisumu. Afisa wa waajiriwa anayetaka kuzijua kasoro za kampuni yake kabla hajaelezwa na hakimu anaweza kuufuata vilevile. Utahitaji daftari, kalamu za rangi mbili, muda wa wiki nne hivi, na watu wawili wa kukusaidia, ambao mmoja wao lazima awe mwanamke anayefanya kazi ile ile unayoichunguza. Nasema lazima kwa sababu mimi ni mwanamume, na jedwali langu la kwanza lilisahau choo.

Hatua ya kwanza: chagua sehemu moja na kipindi kimoja

Usianze na kampuni nzima. Chagua sehemu moja ambayo wanawake na wanaume wako pamoja au wanategemeana, kwa mfano grinihausi pamoja na kikosi cha dawa, ukumbi wa kupanga maua pamoja na chumba cha baridi, au sehemu ya mauzo na bohari katika duka kubwa. Kisha chagua kipindi, miezi kumi na miwili ikiwezekana, kwa kuwa kazi zetu zina misimu na mwezi mmoja hudanganya. Anayepima shamba la maua mwezi wa Juni ataona watu wanatoka mchana kweupe. Anayelipima mwishoni mwa Januari, maua ya Siku ya Wapendanao yanapofungwa kwa ajili ya ndege, ataona kazi nyingine kabisa.

Andika idadi ya wanawake na wanaume katika sehemu hiyo, kisha uandike kazi halisi ambazo kila kundi hufanya, bila kutegemea majina ya vyeo. Jina la cheo linaweza kuwa "mfanyakazi wa jumla" kwa wote wawili, huku mmoja akipinda mgongo kutwa kupalilia miwa na mwingine akiendesha trekta.

Hatua ya pili: chora jedwali, na uhesabu kwa asilimia

Kila mstari wa jedwali uwe jambo moja linaloweza kuhesabika au kuthibitishwa, na mbele yake pawe na safu nne: wanawake, wanaume, ushahidi, na anayeamua. Safu ya mwisho ndiyo ambayo watu huiacha, nayo ndiyo itakayokufaa zaidi baadaye, kwa sababu tofauti iliyoandikwa katika kanuni za kampuni hurekebishwa na meneja mkuu, lakini tofauti inayotokana na msimamizi mmoja kupanga zamu kwa hiari yake hurekebishwa kwa njia nyingine.

Tumia asilimia. Chukua mfano wa sehemu yenye wanawake 60 na wanaume 20. Ukiambiwa kwamba wenye mikataba ya kudumu ni wanawake 15 na wanaume 15, utaelezwa kwa tabasamu kuwa huo ndio usawa wenyewe. Lakini 15 kati ya 60 ni asilimia 25, na 15 kati ya 20 ni asilimia 75. Mara yangu ya kwanza niliingia mkutanoni na sentensi moja tu, kwamba wanawake hawapandishwi vyeo. Meneja akataja jina la mwanamke mmoja aliyekuwa amepandishwa, na mkutano ukaishia hapo. Niliporudi mwaka uliofuata nilikuwa na asilimia mbili zilizoandikwa kwenye karatasi moja, na safari hiyo yeye ndiye aliyeomba muda wa kwenda kutafuta majibu.

Usiandike majina ya watu katika jedwali; andika idadi. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 huihesabu hali ya afya, hali ya ndoa na habari za familia kuwa data nyeti, kwa hiyo orodha ya nani ni mjamzito na nani ana watoto wangapi, ikizunguka mkono kwa mkono, itamdhuru yule yule unayetaka kumsaidia. Mtu akikubali habari zake zitumike, akubali kwa maandishi, naye abaki na nakala.

Hatua ya tatu: mikataba

Anza hapa kwa sababu haki nyingine nyingi huning'inia kwenye mkataba. Uliza kila mmoja: uliajiriwa lini, una karatasi gani mkononi, na mara ya mwisho kusimamishwa kwa "likizo ya msimu" ilikuwa lini na kwa siku ngapi? Sheria ya Ajira ya 2007, katika kifungu cha 9, inataka mkataba wa kazi inayofikia miezi mitatu au zaidi uwe wa maandishi, na ni wajibu wa mwajiri kuuandaa. Kifungu cha 10 kinaongeza kwamba mwajiri asipoutoa mkataba huo mbele ya mahakama, mzigo wa kuthibitisha au kukanusha sharti linalobishaniwa humwangukia yeye. Kwa hiyo mama asiyekuwa na karatasi asikate tamaa. Aandike kwenye daftari tarehe alizofanya kazi, jina la msimamizi wake, na jumbe za simu za malipo alizopokea.

Kuhusu vibarua, kifungu cha 37 kinasema kwamba kibarua aliyefanya kazi siku mfululizo ambazo jumla yake haipungui mwezi mmoja, au anayefanya kazi ambayo haitarajiwi kukamilika katika muda wa jumla ya miezi mitatu, huhesabiwa kuwa na mkataba wa kulipwa kwa mwezi, hata kama kampuni inaendelea kumwita kibarua. Kupalilia miwa hakuishi, wala kuchuma majani chai hakuishi. Jedwali lako likionyesha kwamba wapaliliaji, ambao wengi wao ni wanawake, wamebaki vibarua kwa miaka huku madereva wa matrekta wakipewa barua baada ya miezi michache, umepata mstari wako wa kwanza ulio imara.

Angalia pia makato. Tangu Oktoba 2024 mchango wa Bima ya Afya ya Jamii ni asilimia 2.75 ya mshahara ghafi, na kila mchangiaji anaweza kuangalia kwa simu yake kama fedha zake zimefika. Afanye hivyo pia kwa NSSF, mfuko wa akiba ya uzeeni. Mwanamke aliyekatwa kila mwezi na kugundua siku ya kujifungua kuwa mchango haukuwasilishwa hana kazi sawa na ya mwenzake ambaye mchango wake ulifika, hata kama stakabadhi zao ni pacha.

Hatua ya nne: saa za kazi, na saa zinazofuata baada ya kazi

Kwa wiki mbili, kila mshiriki aandike saa aliyofika, saa aliyoruhusiwa kutoka, saa aliyoelezwa kwamba kutakuwa na ovataimu, na saa aliyofika nyumbani. Hiyo ya tatu ina uzito wa pekee. Kwa mtu asiyepika, asiyechota maji na asiyemchukua mtoto kwa jirani, kuambiwa saa kumi jioni kwamba kazi itaendelea hadi saa tatu usiku ni nafasi ya kuongeza kipato. Kwa mama anayeishi Karagita au Kamere na ambaye amemwacha mtoto kwa mlezi wa kulipwa kwa siku, ni hesabu ya ghafla: mlezi atadai zaidi, mtoto atalala njaa au kwa jirani, na njia ya kutoka barabara kuu ya South Lake hadi nyumbani itakuwa giza. Akikataa, huandikwa kuwa si mtu wa kujituma, na maandishi hayo ndiyo yatakayosomwa siku ya kupandisha watu vyeo.

Agizo la jumla la mishahara nchini huweka wiki ya kawaida ya saa 52 katika siku sita, huku ovataimu ikilipwa mara moja na nusu kwa siku za kawaida na mara mbili kwa siku ya mapumziko au sikukuu. Sekta nyingine zina maagizo yao, na penye mkataba wa pamoja kati ya chama na waajiri, kama ule wa sekta ya maua, usome kwanza huo. Sheria ya Ajira inataka kila mfanyakazi apate angalau siku moja ya mapumziko katika kila siku saba, na likizo ya mwaka isiyopungua siku 21 za kazi baada ya miezi 12. Katika jedwali, weka mistari mitatu: arifa ya ovataimu hutolewa saa ngapi kabla, nani hupata zamu zinazojulikana mapema, na usafiri wa usiku humfikisha nani wapi.

Likizo za uzazi nazo ziingie hapa. Kifungu cha 29 kinampa mwanamke miezi mitatu yenye malipo kamili bila kupoteza likizo yake ya mwaka, na haki ya kurudi katika kazi ile ile au nyingine inayomfaa kwa masharti yasiyopungua ya awali. Mwanamume hupewa wiki mbili zenye malipo. Hesabu wangapi waliporudi walikuta kazi yao na wangapi walianza upya chini kabisa kwenye orodha. Hesabu pia baba wangapi walizichukua zile wiki mbili. Nilipouliza swali hilo kwa mara ya kwanza wanaume walicheka, kisha mmoja akasema aliogopa kuonekana kama mtu anayetawaliwa nyumbani. Na baba asipokwenda, mama hubaki peke yake na mtoto mchanga, akarudi kazini amechoka zaidi na kuonekana mvivu zaidi.

Mama anayenyonyesha ana haki nyingine ambayo wengi hawajawahi kuisikia. Sheria ya Afya ya 2017 inawataka waajiri watenge mahali pa kunyonyeshea au kukamulia maziwa, na watoe vipindi vya kufanya hivyo mbali na muda wa chakula, visivyozidi jumla ya saa moja kwa kila saa nane za kazi, navyo huhesabiwa kuwa muda wa kazi wenye malipo. Tembea uone chumba hicho kiko wapi. Chumba kilichojaa mifuko ya mbolea si chumba cha kunyonyeshea, hata kama kibao mlangoni kinasema hivyo.

Hatua ya tano: mwili na mahali pa kazi

Hii ndiyo hatua yenye mambo mengi, na inataka uvumilivu, kwa sababu kazi za wanawake hudhaniwa kuwa nyepesi. Katika mashamba ya maua, kikosi cha dawa huwa ni cha wanaume kwa sehemu kubwa, nacho hutambuliwa na kila mtu kuwa katika hatari: huvalishwa mavazi kamili ya kujikinga, hupimwa damu, na huoga kabla ya kutoka. Sawasawa. Lakini nani huingia katika grinihausi ile ile baadaye, akishika majani yale yale kwa mikono kutwa nzima? Kila dawa ina muda wake wa kusubiri kabla watu hawajaruhusiwa kuingia tena, nao huandikwa kwenye lebo. Andika tarehe na saa ya kupulizia, saa iliyobandikwa mlangoni, na saa ambayo wavunaji waliingia kweli. Kisha ulinganishe ni nani aliyepimwa afya mwaka huo na nani hakupimwa. Mvunaji ambaye hushika mabaki ya dawa kwa miaka bila kupimwa hata mara moja haonekani katika takwimu za hatari, na kwa kuwa haonekani, kazi yake huendelea kuitwa salama.

Endelea na vifaa. Je, glavu na buti zimenunuliwa kwa saizi za wanaume tu? Glavu kubwa huteleza, mwiba wa waridi hupenya, na mfanyakazi huamua kuivua ili afikie idadi aliyowekewa. Akiumia ataambiwa kwamba hakuvaa glavu. Katika ukumbi wa kupanga maua angalia kusimama: saa ngapi mfululizo, na kama kuna kiti cha mjamzito. Katika maduka ya Kisumu liangalie swali hilo hilo kwa keshia. Nakumbuka dada mmoja aliyefanya kazi ya keshia akieleza kwamba kiti kilikuwepo, isipokuwa kukikalia kulihesabiwa kuwa utovu wa adabu mbele ya wateja.

Sasa choo. Pima umbali kwa hatua kutoka mahali pa kazi, hesabu vyoo vya wanawake dhidi ya idadi ya wanawake, tazama kama kuna maji, mlango unaofungika na pipa la sodo, na uulize kama ruhusa huombwa na huandikwa. Penye idadi ya mafungu ya kukamilisha kwa saa, kila dakika ya kwenda chooni hukatwa kwenye ufanisi wa mtu, na wanawake hukabiliana nayo kwa kutokunywa maji. Wanaume watatu walioketi nami kuandaa jedwali la kwanza hatukulikumbuka jambo hili kwa sababu ua wa miti ulikuwa karibu.

Ushahidi wa hatua hii unapatikana kwa njia ya kisheria. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inataka kila mahali penye wafanyakazi 20 au zaidi pawe na kamati ya usalama na afya, na ukaguzi kamili wa usalama ufanywe angalau mara moja kila miezi 12 na mshauri aliyeidhinishwa, ambaye hutoa ripoti. Omba kuiona ripoti kupitia kwa mjumbe wenu katika kamati, na usome kama sehemu za wanawake zimekaguliwa kwa undani ule ule wa bohari la dawa. Tazama pia kamati yenyewe: wavunaji wakiwa wanawake na wajumbe wakiwa wanaume watupu, mambo ya glavu na choo hayatafika mezani.

Hatua ya sita: nani ana uwezo wa kukataa

Mwezi wa Februari 2023, uchunguzi wa BBC ulionyesha wasimamizi katika mashamba ya majani chai ya Kericho wakidai ngono kutoka kwa wanawake waliotafuta kazi au kazi nyepesi. Kwa watu wa mashamba haikuwa habari mpya. Kilichokuwa kipya ni kwamba sasa ilikuwa na picha. Chanzo chake ni cha kikazi: pale mtu mmoja anapoamua nani aajiriwe leo, nani apangiwe sehemu yenye majani mengi, na nani abadilishwe zamu, bila orodha iliyo wazi wala mtu wa pili wa kutia sahihi, amekabidhiwa bidhaa ya kuuza. Kwa sababu hiyo sikushauri uanze kwa kuwauliza wanawake kama wamenyanyaswa. Uliza kwanza jinsi kazi zinavyogawanywa, uandike kila uamuzi unaofanywa na mtu mmoja, na mahali penye hatari patajionyesha penyewe bila mtu kulazimika kujianika.

Kisha uliza sera iko wapi. Kifungu cha 6 cha Sheria ya Ajira kinamtaka kila mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi awe na taarifa ya sera kuhusu unyanyasaji wa kingono, iliyotungwa baada ya kushauriana nao au wawakilishi wao, na kuifikisha kwa kila mfanyakazi. Ijaribu kwa vitendo: chagua wafanyakazi kumi bila mpango na uwaulize malalamiko hupelekwa kwa nani. Wakimtaja msimamizi wa zamu, sera hiyo ipo kwenye faili tu. Mtu mwenye mamlaka anayenyanyasa kingono hukabiliwa pia na kifungu cha 23 cha Sheria ya Makosa ya Ngono ya 2006, ambacho adhabu yake ni kifungo kisichopungua miaka mitatu, au faini isiyopungua shilingi 100,000, au vyote viwili.

Mtu akikueleza kwamba amebakwa au kushambuliwa, weka jedwali kando. Aende hospitalini haraka, kwa kuwa dawa za kuzuia maambukizi ya HIV zinapaswa kuanzishwa kabla ya saa 72 kupita. Asioge wala kufua nguo alizovaa kabla hajapimwa. Na nambari ya bure ya 1195 hupokea simu za dhuluma za kijinsia. Uamuzi wa kushtaki ni wake, wala si wa chama wala wako.

Hatua ya saba: mafunzo na ngazi ya kupandia

Orodhesha mafunzo yote ya mwaka mmoja, ukiandika nani alikwenda, yalifanyika wapi na saa ngapi. Mafunzo ya wiki moja mbali na nyumbani huonekana wazi kwa wote, lakini mwenye mtoto wa kunyonya amekwisha kuachwa nje kabla orodha haijabandikwa. Huko Kericho, ambako mnamo Mei 2023 waandamanaji waliteketeza mashine za kuchumia majani chai, hasira iliyotangazwa ilikuwa ya kupoteza ajira. Swali la jedwali lako ni nani aliyefundishwa kuiendesha mashine iliyobaki. Ikiwa wachumaji wa mkono walikuwa wanawake na waendeshaji wote ni wanaume, basi ujuzi mpya umehamishwa kutoka kundi moja hadi jingine hata kama hakuna aliyekusudia hivyo.

Hatua ya nane: soma jedwali, uchague mawili

Kwa kila mstari wenye tofauti kubwa, jiulize kama kazi yenyewe inaieleza tofauti hiyo, kama kuna kanuni iliyovunjwa, na kama anayeamua anajulikana. Mwajiri atakuwa na maelezo, na baadhi yatakuwa ya kweli: huenda wanaume wana miaka mingi kazini. Basi linganisha wenye miaka sawa kabla hajakuambia yeye.

Halafu chagua mambo mawili tu ya kuanza nayo. Nilikuwa nikipeleka kumi na manane, na kampuni ilikuwa ikinipa mabango mapya ya choo na kusema tumesikilizana. Chagua moja ambalo sheria yake iko wazi, kama mikataba ya vibarua au chumba cha kunyonyeshea, na jingine ambalo halina gharama kwa mwajiri, kama kutangaza ovataimu kufikia saa sita mchana. Barua yenyewe iwe fupi. Inaweza kusema hivi: "Katika sehemu ya uvunaji, kati ya wanawake 60 ni 15 wenye mikataba ya kudumu, na kati ya wanaume 20 ni 15. Miongoni mwa waliofanya kazi zaidi ya miaka miwili, tofauti hiyo inabaki. Tunaomba kuelezwa kwa maandishi, katika siku 14, kigezo kinachotumika, na tunaomba mkutano ambao nusu ya wajumbe wetu watakuwa wanawake." Isainiwe na wawakilishi, ipokelewe kwa muhuri au kwa barua pepe, na nakala ibaki nje ya kazini.

Hatua ya tisa: ikikataliwa

Njia ya kwanza ni chama. Chama cha wafanyakazi wa mashamba makubwa na kilimo, KPAWU, kina makao yake Nakuru. Wa hoteli na kazi za nyumbani wana KUDHEIHA. Usishangae ukikuta kwamba tawi lenyewe lina viongozi wanaume watupu. Hilo nalo liingie kwenye jedwali.

Njia ya pili ni afisa wa leba wa kaunti, ambaye ana mamlaka ya kuingia mahali pa kazi na kukagua kumbukumbu. Aliyeachishwa kazi isivyo haki, pamoja na aliyeachishwa kwa sababu ya ujauzito au ya kulalamika, ana miezi mitatu tangu siku hiyo ya kupeleka lalamiko kwake. Mambo ya usalama yapelekwe kwa afisa wa usalama na afya kazini. Tume ya Taifa ya Jinsia na Usawa, iliyoundwa mwaka wa 2011, hupokea malalamiko ya ubaguzi bila malipo.

Njia ya mwisho ni Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi, inayoketi Nakuru, Kisumu na Kericho. Dai la kawaida hufunguliwa ndani ya miaka mitatu. Kwa madhara yanayoendelea, ni ndani ya miezi 12 tangu yakome, kwa hiyo usingoje. Kifungu cha 5 cha Sheria ya Ajira kinakataza ubaguzi katika ajira, mafunzo, vyeo na masharti ya kazi, na kinamtwika mwajiri mzigo wa kuthibitisha kwamba haukutokea. Hata hivyo mahakama hutaka mlalamikaji aweke kwanza msingi wa mambo, na jedwali lenye tarehe, asilimia na ushahidi ndio msingi huo.

Kampuni ikikubali, andikeni makubaliano yenye tarehe na jina la mtu atakayewajibika, kisha rudieni kipimo baada ya mwaka, katika mwezi ule ule na kwa mistari ile ile. Mwaka mmoja tulipima Februari na kurudia Agosti, tukafurahia ovataimu iliyopungua, hadi mama mmoja wa ukumbi wa kupanga maua alipotukumbusha kwamba mwezi wa Agosti hakuna Siku ya Wapendanao.